Unene wa Mstari

Msomaji, katika somo la jiometri umefundishwa ya kuwa mstari una urefu lakini hauna upana. Fundisho hilo ni la kale. Euclid aliliandika kwa Kigiriki zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, na hata leo walimu hulirudia ubaoni. Walakini litazame daftari lako. Mstari ulioupiga kwa penseli una upana, maana kama usingalikuwa nao usingaliuona. Basi kila mtu achoraye huishi kati ya mistari miwili: mstari wa akilini, ambao hauna unene, na mstari wa machoni, ambao pasipo unene haupo. Penseli huipatanisha mistari hiyo bila ya kukuuliza neno. Tarakilishi haifanyi hivyo. Mtu achoraye kwa tarakilishi, hasa umbo lenye urefu, upana na kina, hana budi kuipatanisha mwenyewe, na kazi hiyo ni kubwa kuliko idhaniwavyo. Nataka kukueleza kwa nini, kwa sababu ni moja katika kazi chache ambazo hesabu za kidato cha pili na cha tatu huonekana zikitembea mbele ya macho ya watu.

Kwanza yafaa ujue kioo cha tarakilishi ni kitu gani. Ni ubao wa vitone. Kioo cha kawaida kina safu 1,080 za vitone, na katika kila safu mna vitone 1,920. Jumla yake ni vitone 2,073,600. Kitone kimoja huitwa pikseli. Kila pikseli huwaka kwa rangi moja tu, wala haigawanyiki. Mstari uliolala au uliosimama wima haupati taabu katika ubao huu, kwa kuwa hufuata safu. Mstari ulioinama hupata taabu, kwa sababu lazima upande kama ngazi, na katika kila hatua yapasa kuamuliwa kama ngazi ipande sasa au ingoje kitone kimoja zaidi. Mwaka 1962 Jack Bresenham, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alitunga njia ya kufanya maamuzi hayo kwa kujumlisha na kutoa namba nzima tu, bila ya kugawanya hata mara moja. Alikuwa akiitungia mashine iliyochora kwa kalamu juu ya karatasi, na njia yake ilichapishwa mwaka 1965. Katika miaka hiyo hiyo, mwaka 1963, Ivan Sutherland wa chuo cha MIT huko Marekani alionyesha programu iliyoitwa Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora mistari juu ya kioo kwa kalamu ya mwanga. Utaona basi kwamba mstari ni mzaliwa wa kwanza katika nyumba ya michoro ya tarakilishi.

Baadaye mzaliwa huyo alinyang'anywa urithi wake. Watengenezaji wa chipu za michoro walichagua umbo moja la kujengea maumbo yote, nalo ni pembetatu. Sababu utaifahamu ukikumbuka mafiga. Mafiga matatu hushika chungu hata kama sakafu si sawa. Ukiongeza la nne, moja litakuwa halina kazi. Vivyo hivyo nukta tatu popote zilipo hulala juu ya ubapa mmoja, lakini nukta nne zaweza kukosana. Mlima, gari, na uso wa mtu katika mchezo wa tarakilishi, vyote ni pembetatu maelfu kwa maelfu zilizounganishwa kingo kwa kingo, na chipu huzijaza rangi kwa kasi ya kustaajabisha. Mstari ukabaki kama mgeni aliyeketishwa barazani: husalimiwa, lakini hakaribishwi ndani.

Mimi hufundisha jiografia na hisabati katika shule ya upili. Nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu reli ya zamani ya kutoka Mombasa hadi Kisumu, ile iliyojengwa kati ya mwaka 1896 na 1901, katika umbo lake la kweli la kupanda na kushuka. Juu ya ramani bapa reli hiyo ni uzi mwekundu tu, na mwanafunzi haoni sababu ya wajenzi wake kuteseka. Katika kielelezo chenye kina mambo hujieleza yenyewe. Reli inaondoka baharini, inapanda polepole hata Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Inafika ukingo wa Bonde la Ufa na kuteremka. Inavuka sakafu ya bonde, halafu inaikwea Mau na kupita mita 2,400. Kisha inashuka mpaka ziwani, ambako maji yenyewe yako juu ya bahari kwa mita 1,130 na zaidi. Milima niliikuza mara 20, maana nchi ni pana mno kuliko vimo vyake: ukiichora safari ya kilomita 930 katika vitone 930, kilele cha reli hakitapata hata vitone vitatu vya kimo.

Nilikuwa na nukta 1,000 za njia hiyo, na programu iliyopatikana tayari katika mtandao ikaziunganisha. Mchoro ulipoangazwa ukutani kwa projekta, milima ilipendeza, mabonde yalipendeza, na kutoka katika madawati ya nyuma sauti ikauliza, "Mwalimu, reli iko wapi?" Reli ilikuwapo. Ilikuwa na unene wa kitone kimoja. Walioketi mbele waliiona. Walioketi nyuma hawakuiona. Na mmoja wao, ambaye macho yake ni dhaifu tangu utoto, hangaliiona hata angaliketi mbele. Somo la reli lisiloonyesha reli ni somo kwa nusu ya darasa, na mwalimu hana ruhusa ya kuchagua nusu hiyo.

Waweza kusema, si uagize mstari mnene? Amri ya kuagiza ipo. OpenGL, ambayo ni kanuni ya kuzungumza na chipu za michoro iliyotolewa na kampuni ya Silicon Graphics mwaka 1992, ilikuwa na amri ya unene wa mstari tangu mwanzo. Lakini toleo lake la mwaka 2008 liliihesabu mistari minene miongoni mwa mambo ya kuachwa. WebGL, ambayo huleta michoro ya kina katika kurasa za mtandao, ilitoka mwaka 2011 nayo ikaihifadhi amri hiyo. Walakini mtengenezaji halazimiki kutoa unene wowote zaidi ya kimoja. Vulkan, iliyotoka mwaka 2016, imeufanya mstari mnene kuwa jambo la hiari. Matokeo yake ni kwamba waagiza vitone vitano, tarakilishi inakubali bila ya kulalamika, kisha inakupa kimoja. Mtumishi akataaye waziwazi ni afadhali kuliko huyu.

Tena usidhani kwamba pale amri ilipotiiwa mambo yalikuwa mema. Njia ya zamani ya kunenepesha mstari ilikuwa kurudia vitone kwa kwenda juu na chini tu, kama mstari umelala zaidi, au kwa kwenda kushoto na kulia tu, kama umesimama zaidi. Mstari wa ulalo ulioagizwa kwa unene wa vitone 10 ulitoka na vitone 10. Bali ulioinama kwa nyuzi 45, ukiupima kutoka ukingo hadi ukingo, ulikuwa na vitone 7 na kidogo. Miisho yake ilikatwa wima au kwa ulalo pasipo kujali mstari unaelekea wapi, na penye kona pakabaki pengo kama la jino lililong'oka. Nadhani walioiacha njia hiyo hawakukosea.

Iliyobaki ni kuujenga mstari kwa mkono. Mstari mnene si mstari tena. Ni utepe, kama ukili unaosukwa kwa mkeka, na utepe waweza kukatwa kuwa pembetatu. Chukua kalamu tufanye pamoja. Tuseme kipande kimoja cha reli kinatoka nukta (100, 100) na kufika nukta (130, 140), nasi twataka unene wa vitone 10. Mwendo wake ni 30 kwa kulia na 40 kwa juu. Kwa kanuni ya Pythagoras urefu wake ni 50. Gawanya mwendo kwa urefu, upate 0.6 na 0.8. Sasa twahitaji mwelekeo unaokutana na huo kwa pembe mraba, na kuupata ni rahisi mno: badilisha mahali pa namba mbili na geuza alama ya moja, upate -0.8 na 0.6. Zidisha kwa nusu ya unene, yaani 5. Utapata -4 na 3. Basi kila nukta izae nukta mbili, moja kila upande. Nukta ya kwanza inazaa (96, 103) na (104, 97). Ya pili inazaa (126, 143) na (134, 137). Pima toka (96, 103) hadi (104, 97) utaona ni vitone 10 kamili. Nukta hizo nne hufanya mstatili, mstatili hukatwa pembetatu mbili, na chipu ambayo haikutaka kusikia habari za mstari huzipokea pembetatu hizo kwa furaha. Reli yangu ya nukta 1,000 ina vipande 999, kwa hiyo ni pembetatu 1,998. Kwa chipu ya leo hiyo ni kazi ndogo sana.

Lakini kabla ya kwenda mbele kuna swali ambalo wengi hulipita: unene huo ni wa nani? Ni wa nchi au ni wa jicho? Reli ile ina upana wa mita moja kati ya chuma na chuma. Ikiwa kitone kimoja ni kilomita moja, upana wake wa kweli ni sehemu ya elfu ya kitone, na hakuna macho yatakayoiona. Nikiipa vitone 6, nimeipa kilomita sita za nchi. Huo si uongo madhali sote twajua kwamba mstari ni alama, kama nyota iwekwayo penye mji mkuu. Alama yapasa kuwa na unene wa jicho: vitone 6 karibu, vitone 6 mbali. Barabara ipitayo mbele ya nyumba katika kielelezo cha kijiji, au bomba la maji, hupasa kuwa na unene wa nchi, na kupungua kadiri iendavyo mbali. Mchoraji asiyeamua jambo hili mapema hupata mstari usio wa huku wala wa kule. Mimi niliamua reli yangu iwe ya jicho.

Uamuzi huo una gharama yake, na gharama hiyo hulipwa kwa hesabu ya kuona mbali. Unaposimama katikati ya barabara iliyonyooka, kingo zake mbili huonekana zikikaribiana kadiri ziendavyo mbele, hata zikutane. Tarakilishi huiga jambo hilo kwa kuipa kila nukta namba nne badala ya tatu. Ile ya nne, kwa kusema kwa urahisi, ni umbali wa nukta kutoka mbele ya jicho. Na chipu huzigawa namba nyingine kwa hiyo, ili cha mbali kiwe kidogo. Kwa kuwa unene wetu ni wa jicho, ile pembe mraba tuliyoitafuta lazima itafutwe baada ya mgawo, juu ya kioo chenyewe, wala si juu ya ardhi. Kisha nyongeza zile za -4 na 3 hazina budi kuzidishwa tena kwa namba ya nne, kwa sababu chipu bado itazigawa. Bila ya kuzidisha huko reli itakuwa nene Mombasa na nyembamba kama unywele Kisumu.

Kuna mitego miwili mahali hapo. Mtego wa kwanza ni umbo la kioo. Tarakilishi hukihesabu kioo kana kwamba ni mraba, toka -1 hadi 1 kwa ulalo na toka -1 hadi 1 kwa wima, hali kioo ni cha 16 kwa 9. Asiyelipa deni hilo hupata mstari uliosimama ukiwa mnene kuliko uliolala kwa karibu mara 1.8, na ulioinama ukikatwa upande. Mtego wa pili ni wa kutisha zaidi. Utembeapo ndani ya kielelezo, sehemu ya reli iko mbele yako na sehemu iko nyuma yako. Nukta iliyo nyuma ya jicho ina namba ya nne hasi, na ukigawa kwa namba hasi kushoto huwa kulia na juu huwa chini. Kipande kimoja chenye mwisho mmoja mbele na mwingine nyuma hupinduka na kukatiza kioo chote kama radi. Dawa yake ni kukikata kabla ya kugawa. Kama mwanzo wake uko mbele yako kwa hatua 8 na mwisho wake uko nyuma kwa hatua 2, nawe wataka ukate hatua 1 mbele ya jicho, basi kata penye sehemu saba za kumi: toka 8 hadi 1 ni hatua 7, na toka 8 hadi -2 ni hatua 10. Utashangaa jinsi hesabu ndogo hiyo inavyotuliza mchoro uliokuwa na wazimu.

Sasa nije kwenye kona, maana huko ndiko aliko adui hasa. Chukua vitepe viwili vya karatasi, uvikutanishe ncha kwa ncha, kisha ukipinde kimoja. Upande wa ndani vinapandana. Upande wa nje panabaki nafasi wazi yenye umbo la kabari. Seremala anayetengeneza fremu ya picha anaijua nafasi hiyo, naye hukata mbao zake kwa mshazari wa nyuzi 45 ili zikutane katika ncha moja kali. Mchoraji wa tarakilishi aweza kufanya vivyo hivyo: kingo za nje za vipande viwili zirefushwe mpaka zikutane. Kona ikiwa ya nyuzi 90, urefu wa kiungo hicho, toka pembe ya ndani hadi ncha ya nje, ni mara 1.4 ya unene wa mstari, na hiyo yapendeza. Kona ya nyuzi 60 hutoa mara 2. Kona ya nyuzi 30 hutoa karibu mara 3.9. Kona ya nyuzi 10 hutoa mara 11 na nusu. Yaani mstari wa vitone 6 huota mwiba wa vitone karibu 69. Na mstari ukijikunja hata ukarudi ulikotoka, kingo hizo hazikutani kamwe, na mwiba hauna mwisho.

Wachoraji wa karatasi walilijua jambo hili zamani, wakaweka mpaka. Katika PostScript, lugha ya kuagizia mashine za kupiga chapa, kiungo kikizidi mara 10 ya unene, ncha hukatwa butu. Katika SVG, kanuni ya michoro ya mtandao ya mwaka 2001, mpaka wa kawaida ni mara 4, nao hufikiwa kona iwapo chini kidogo ya nyuzi 29. Juu ya karatasi mpaka huo hutosha, kwa sababu kona iliyochorwa leo ya nyuzi 40 itakuwa ya nyuzi 40 hata kesho.

Katika mchoro wenye kina haitoshi, na hapa naomba ufanye jaribio. Tafuta kipande cha waya, ukipinde kwa nyuzi 90. Kishike mbele yako kwa urefu wa mkono, fumba jicho moja, kisha kizungushe polepole. Utakiona kikiwa na kona ya nyuzi 90, halafu ya 50, halafu ya 15, na kuna mahali kitaonekana kimejikunja kabisa, ingawa waya mkononi mwako haujabadilika hata kidogo. Jicho halioni kona ya waya. Laona kona ya kivuli chake. Vivyo hivyo reli ambayo kwa kweli hupinda kwa upole huonekana imevunjika vibaya ukiitazama toka chini na kwa ubavu. Kwa hiyo miiba haitokei mahali pamoja ukapata kuirekebisha. Hutokea na kutoweka kadiri unavyokizungusha kielelezo.

Programu ile iliyotoka mtandaoni haikuwa na kinga hiyo. Ilipotiwa unene na kielelezo kikazungushwa mbele ya darasa, mwiba mrefu ulichomoza kutoka reli, karibu na ukingo wa Bonde la Ufa, ukielekea kusini. Msichana mmoja akanyosha mkono na kuuliza kama ile ndiyo reli ya Magadi. Swali lilikuwa la akili. Tawi la Magadi lipo kweli, nalo huondokea Konza, upande huo huo wa nchi. Wenziwe wawili walikwisha kuliandika katika madaftari yao. Mstari mwembamba uliwanyima baadhi ya wanafunzi kweli. Mwiba ule uliwapa wote jambo lisilo kweli, tena kwa rangi nzuri na kwa unene wa kuonekana hata dirishani. Kwa maoni yangu la pili ni baya zaidi, kwa kuwa asiyeona hujua kwamba haoni.

Kuweka mpaka wa mara 4 huondoa mwiba, lakini huleta kero mpya. Unapozungusha kielelezo, kona ivukapo ule mpaka wa nyuzi 29 hugeuka ghafula kutoka ncha kali kuwa butu, na reli yote ikawa inakonyeza kama nyota. Nikajenga upya kwa njia ambayo baadhi ya wachoraji huidharau kuwa ni ya kizamani: penye kila nukta ya kona nikaweka duara, ambayo kipenyo chake ni sawa na unene wa mstari. Duara iliyochorwa juu ya kioo ni ile ile popote utazamapo. Huziba kabari ya nje, haioti mwiba, wala haikonyezi. Kila duara ukiifanya kwa pembetatu 8, nukta 1,000 zitataka pembetatu 8,000, na chipu haitatoa hata pumzi. Hasara yake ni kwamba kona za mraba, kama za kuta za nyumba, huonekana zimelainika. Anayechora nyumba na achague ncha kali. Reli haina kona za mraba.

Kuhusu kingo zenye meno kama msumeno nitasema machache. Kitone kilichofunikwa nusu na utepe hupewa nusu ya rangi, na jicho la mbali hudhani ukingo umenyooka. Tahadhari moja tu: mstari ukiwa wa rangi nyepesi ipenyezayo mwanga, pale vipande na maduara vinapopandana rangi hupakwa mara mbili, na kila kona huwa na doa jeusijeusi, kama wino uliopitishwa mara ya pili kabla haujakauka. Rangi nzito isiyopenyeza haina doa hilo, nami niliitumia.

Lililonichukua siku nyingi ni mlima wenyewe. Reli imelala juu ya ardhi, na ardhi ni pembetatu, na reli ni pembetatu. Chipu huuliza kila kitone, ni nani aliye karibu zaidi na jicho? Wote wawili wana umbali uleule, basi jibu hubadilika kitone kwa kitone, na reli huonekana imetafunwa na mchwa. Kuiinua reli juu ya ardhi ni dawa mbaya, kwa sababu ukitazama kwa ubavu utaiona ikielea hewani. Dawa njema ni kuisogeza kidogo kuelekea jicho wakati wa kulinganisha umbali tu, bila ya kuihamisha mahali pake juu ya kioo. Kiasi chenyewe hakina kanuni moja. Kikiwa kidogo mno mchwa hurudi. Kikiwa kikubwa mno reli huonekana kupitia mlima, hata ile iliyo upande wa pili wa Mau. Nilijaribu namba moja baada ya nyingine mpaka nikaridhika, na naamini kila kielelezo hudai namba yake.

Mwishowe nilitaka wanafunzi waweze kupima, nikaukata mstari vipandevipande: kipande cheusi, nafasi, kipande cheusi, nafasi. Swali la unene wa nani likarudi katika vazi jingine. Nikizipima nafasi kwa vitone vya kioo, zitakuwa sawa mbele na nyuma na zitapendeza macho, lakini kielelezo kikizungushwa zitatambaa juu ya reli kama siafu, kwa sababu urefu wa reli juu ya kioo hubadilika kila dakika. Nikizipima kwa kilomita, zitabana mbali na kuachana karibu, lakini kila moja itakaa mahali pake juu ya nchi. Kwa hiyo reli yangu ina unene wa jicho na nafasi za nchi. Nilifanya kila kipande pamoja na nafasi yake kuwa kilomita 10. Yule mwenye macho dhaifu alikuja mbele, akaweka kidole ukutani penye Mombasa, akahesabu kwa sauti mpaka Nairobi, akapata vipande 53.